Filamu nne za wanamichezo wa Afrika Mashariki: ipi ikufae kwa jioni moja

Mwalimu wa michezo au kiongozi wa klabu anayetaka kuwaonyesha vijana wake filamu inayotokana na maisha ya mwanamichezo halisi kwa kawaida ana jioni moja tu, projekta ya kuazima na ukumbi unaotakiwa kufungwa saa nne usiku, na kwa sababu hiyo analazimika kuchagua. Nimekuwa katika nafasi hiyo mara kadhaa, mbele ya kikundi cha vijana wanaokimbia pamoja na wazazi wao, na kila mara nimejikuta nikirudi kwenye filamu zile zile nne. Ya kwanza ni Queen of Katwe, inayosimulia maisha ya mchezaji wa sataranji wa Uganda, Phiona Mutesi. Ya pili ni Endurance, ya mkimbiaji wa Ethiopia, Haile Gebrselassie. Ya tatu ni Atletu, iliyopewa kwa Kiingereza jina la The Athlete, ya mkimbiaji wa marathoni wa Ethiopia, Abebe Bikila, na ya nne ni Kipchoge: The Last Milestone, ya Eliud Kipchoge wa Kenya. Zote zinahusu watu wa ukanda huu wa Afrika, lakini zimetengenezwa kwa njia zinazotofautiana sana, na mtu akichagua kwa kusikia sifa tu anaweza kuwaketisha watu mbele ya filamu isiyowahusu.

Kigezo ninachokitumia ni kimoja, na ndicho ninachokitumia pia kila inapotangazwa filamu mpya ya mwanamichezo, kabla hata sijauliza nani ameigiza. Ninauliza filamu imekata wapi maisha ya mtu huyo. Mwanamichezo akishavuka mstari wa mwisho anaendelea kuishi, anaumia, anazeeka, anashindwa na wadogo zake, ila filamu ni lazima iishe mahali fulani, na mahali hapo panachaguliwa na mwongozaji. Ukijua amepachagua wapi, utajua anataka watu watoke ukumbini na nini moyoni, na hapo ndipo unaweza kupima kama kitu hicho kinawafaa watu wako.

Queen of Katwe ilitoka mwaka 2016 chini ya kampuni ya Disney na iliongozwa na Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye ameishi Kampala kwa miaka mingi na kuanzisha huko taasisi ya Maisha, inayowafundisha vijana wa Afrika Mashariki kazi ya filamu. Ukaribu huo unaonekana tangu dakika za mwanzo, kwa kuwa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, anayoionyesha ina tope na mafuriko yanayoingia ndani ya nyumba usiku, lakini pia ina rangi, ina vicheko na ina watu wanaojipenda, wala kamera haiukodolei umaskini macho kama mgeni aliyeshuka jana. Phiona alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo sana, akaacha shule kwa kukosa karo, akawa anauza mahindi mitaani ili kumsaidia mama yake, Nakku Harriet. Siku moja alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, aliyekuwa akiendesha programu ya michezo ya shirika la Kikristo, aliwagawia watoto uji na kuwafundisha sataranji. Kilichomvuta Phiona mwanzoni kilikuwa uji.

Aliyemfundisha hatua za kwanza alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Katika filamu, binti huyo anayeitwa Gloria anamwonyesha jinsi kete ndogo ya mbele inavyosogea hatua kwa hatua hadi upande wa pili wa ubao na hapo ikageuka kuwa malkia, na anamweleza kwa sauti ya mtoto anayejua kitu ambacho mkubwa wake hakijui, bila madoido na bila muziki wa kumwambia mtazamaji kwamba sasa aguswe. Ukitazama vidole vya Gloria badala ya nyuso za watoto hao wawili, utaona vinavyotua juu ya kila kete kwa uhakika, na ndivyo mtoto anavyofundisha kwetu, kwa kugusa kitu chenyewe.

Liko jambo katika kisa cha Phiona ambalo watu wengi hulipita, nalo ni kwamba hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, alipoteza michezo mingi, na cheo alichokipata Istanbul mwaka 2012 ni ngazi ya kwanza katika vyeo vya kimataifa vya wanawake wa mchezo huo. Wakimbiaji watatu waliobaki katika ulinganisho huu waliweka rekodi za dunia na kushinda medali za dhahabu za Olimpiki, ilhali yeye alijifunza mchezo, akaingia timu ya taifa lake, akashindwa mbele ya watu, akarudi ubaoni. Filamu haikumwongezea ushindi ambao hakuupata. Inamwonyesha Urusi akiwa amevunjika moyo kabisa, akidhani amegundua mwisho wa uwezo wake, na kwa kijana anayetoka kwenye mashindano ya wilaya akiwa wa 14, sehemu hiyo ina thamani kuliko matukio yote ya kukata utepe yaliyowahi kupigwa picha.

Nguvu nyingine ya filamu hii ni mama. Lupita Nyong'o anamwigiza Nakku kama mwanamke ambaye hofu yake ni ya mtu mwenye akili: anaona binti yake akirudi kutoka safari ya nje, hataki tena kuchota maji, hana tena mahali pa kukaa, na anajiuliza kama mchezo huo utampa maisha mapya au utamwondoa tu katika haya aliyo nayo. Kaka yake Phiona anapogongwa na pikipiki na mama kulazimika kumtorosha hospitalini kwa sababu hana pesa za matibabu, nimeona akina mama ukumbini wakiinamisha vichwa. Kwa hadhira yenye wazazi sijaona filamu ya michezo inayoizidi hii, kwa sababu inakiri kwamba kipaji cha mtoto kinaweza kuwa mzigo nyumbani kabla hakijawa msaada.

Nair anaikata hadithi mahali pazuri kwa macho, familia inapopata nyumba, na kwa maoni yangu dakika hizo za mwisho ni tamu kupita kiasi kwa filamu iliyokuwa kweli hadi hapo. Lakini majina ya watengenezaji yanapoanza kupita, waigizaji wanatokea mmoja mmoja wakiwa wamesimama kando ya watu halisi waliowaigiza, Lupita na Harriet, David Oyelowo na Katende, Madina Nalwanga na Phiona. Nalwanga alipatikana katika darasa la ngoma jijini Kampala, na yeye pia aliwahi kuuza mahindi mitaani kabla ya hapo. Usiwashe taa kabla sehemu hiyo haijaisha.

Endurance ni ya mwaka 1999, nayo pia ilisambazwa na Disney, ila ukiziweka filamu hizi mbili pamoja hutaamini kwamba zimetoka katika mlango mmoja. Mwongozaji wake, Leslie Woodhead, hakutafuta waigizaji wa kulipwa. Haile anajiigiza mwenyewe, mpwa wake anaigiza utoto wake, na dada yake anaigiza mama yao, aliyefariki Haile akiwa bado mdogo. Maneno ni machache. Ng'ombe wanapita, moto unawashwa, mtoto anakimbia juu ya nyanda za Arsi karibu na Asella, na yote hayo yanachukua muda wake, kwa hiyo mtazamaji aliyezoea filamu za mapigano atasema kwamba hakuna kinachotokea.

Kinachotokea kiko kwenye mkono wa kushoto. Haile alikuwa akikimbia kilomita kama 10 kwenda shuleni na nyingine kama hizo kurudi, akiwa amebana vitabu kwapani, na hadi alipokuwa mtu mzima mwenye rekodi za dunia, mkono wake wa kushoto uliendelea kukunjika juu kidogo kuliko wa kulia, kana kwamba vitabu bado vipo. Filamu inamwonyesha mtoto akiwa na vitabu hivyo, kisha inamwonyesha mwanamume yule yule kwenye uwanja wa Atlanta mwaka 1996, na haikuambii chochote kuhusu mkono wake. Mara ya kwanza nilipoionyesha, kijana mmoja wa mita 1,500 alisimama katikati ya filamu, akakunja mkono wake kama wa Haile na kuwageukia wenzake, na tangu dakika ile hapakuwa na haja ya kumwambia mtu anyamaze.

Mbio za mita 10,000 za Atlanta ndizo uti wa mgongo wa filamu. Haile alishinda kwa dakika 27 na sekunde 7.34, na Paul Tergat wa Kenya akafika nyuma yake kwa tofauti ya pungufu ya sekunde moja. Sehemu hiyo ya uwanjani ilisimamiwa na Bud Greenspan, Mmarekani aliyetumia maisha yake kupiga picha za Michezo ya Olimpiki na ambaye jina lake litarudi mwishoni mwa maelezo haya. Upungufu wa Endurance ni kwamba Tergat hana nafasi ndani yake. Anaonekana kama mgongo wa kupitwa, na watazamaji wa Kenya, ambao wanamjua Tergat vizuri kuliko filamu inavyomjua, hawaridhiki na hilo, wala siwalaumu. Miaka minne baadaye mjini Sydney wawili hao walikimbia tena fainali ya umbali huo huo na Haile akashinda kwa tofauti ya sekunde 0.09, ambayo ni ndogo kuliko ile iliyomtenganisha mshindi na wa pili katika fainali ya mita 100 ya wanaume ya michezo hiyo hiyo. Filamu ilikuwa imeshaisha. Ukiionyesha Endurance, tafuta picha za Sydney uziweke mara baada yake, kwa sababu bila hizo kijana anaondoka akidhani kwamba mshindi alikuwa peke yake uwanjani.

Nikizilinganisha hizi mbili kwa ajili ya vijana, Queen of Katwe inamfaa mtoto ambaye bado hajajua kama ana kipaji, na Endurance inamfaa yule anayejua tayari na ambaye kila siku anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda barabarani. Wa kwanza anahitaji kuona mlango ukifunguka, na wa pili anahitaji kuona kwamba kurudia kitu kile kile siku baada ya siku kuna uzuri wake. Katika ukumbi wenye watoto wa umri wa miaka kumi hadi kumi na mbili, Endurance huwapoteza kabla nusu ya kwanza haijaisha, ingawa ni fupi, haifiki saa moja na nusu, ilhali Queen of Katwe, yenye zaidi ya saa mbili, huwashika mpaka mwisho.

Atletu ni filamu ya aina nyingine kabisa, na sitaficha kwamba ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa siyo ninayoichagua mara nyingi. Ilitengenezwa na Davey Frankel na Rasselas Lakew, ikaanza kuonyeshwa mwaka 2009, na Lakew mwenyewe ndiye anayemwigiza Bikila. Kila mtu anajua mwanzo wa kisa hiki. Tarehe 10 Septemba 1960 mjini Roma, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, asiyejulikana na mtu nje ya nchi yake, alikimbia marathoni pekupeku, giza likiwa limeingia na njia ikimulikwa kwa mienge, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda uliokuwa bora kuliko wote duniani wakati huo. Njiani alipita kwenye mnara wa Aksum, ambao majeshi ya Mussolini yaliung'oa Ethiopia na kuupeleka Roma mwaka 1937, na ambao haukurudishwa hadi mwaka 2005. Mwaka 1964 mjini Tokyo, wiki chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, kisha akalala kwenye nyasi za uwanja na kuanza kufanya mazoezi ya viungo huku wengine wakiwa bado barabarani.

Mwongozaji wa kawaida angeikata hadithi hapo, kwenye nyasi za Tokyo. Frankel na Lakew wanaanzia mahali ambapo wengine wangemalizia, na katika filamu yao Roma na Tokyo ni kumbukumbu tu zinazomjia mtu mzima akiwa nyuma ya usukani wa gari. Mwezi Machi 1969 gari hilo, alilokuwa amepewa na mfalme, lilipata ajali, na Bikila hakutembea tena. Alipelekwa Stoke Mandeville nchini Uingereza, hospitali ambayo michezo ya watu wenye ulemavu ilianzia kwa mashindano ya mwaka 1948, na huko akashika upinde na mishale. Mwaka 1971 alikwenda Norway na kushiriki mashindano ya sleji kwenye theluji, akashinda. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 akiwa na umri wa miaka 41.

Njia waliyoitumia kumwonyesha ni jambo la kuangaliwa kwa makini na yeyote anayefikiria kutengeneza filamu ya mwanamichezo. Bikila wa mbio ni Bikila mwenyewe, katika picha za zamani zilizopigwa Roma na Tokyo, na Bikila wa gari, wa hospitali na wa theluji ni Lakew. Hawakujaribu kumfanya mwigizaji akimbie kama bingwa, na hapo walikwepa kosa linaloziharibu filamu nyingi za riadha, kwa kuwa mtu aliyewahi kukimbia hugundua ndani ya sekunde tatu kwamba mtu anayemwona kwenye skrini hajui kukimbia. Matokeo yake ni kwamba mwili wenye nguvu unabaki kuwa wa marehemu, katika picha za zamani ambazo haziwezi kurudiwa, na mwili uliovunjika ndio unaoishi sasa mbele yetu. Sijui filamu nyingine ya michezo iliyoupata ukweli huo kwa njia rahisi namna hiyo.

Kwa nini basi siichagui mara nyingi? Kwanza ni ya polepole, na ukimya wake unahitaji ukumbi ulio kimya. Pili, mazungumzo yake yako katika lugha zaidi ya moja, Kiamhari kikiwemo, kwa hiyo watazamaji wanahitaji kusoma maandishi chini ya skrini, jambo ambalo watoto wadogo na baadhi ya wazee hawaliwezi. Tatu, kijana wa miaka 15 mwenye afya njema hajui bado kwamba goti lake linaweza kumwacha. Lakini mwanariadha aliyeumia, au kocha aliyekuwa mwanariadha, au mzazi aliyewahi kupoteza kazi ya mikono yake, anaitazama Atletu kwa namna ambayo hawezi kuzitazama zile nyingine. Niliwahi kuionyesha kwa watu saba tu, wote zaidi ya miaka thelathini, na tulikaa baadaye tukizungumza kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe.

Kuhusu Kipchoge: The Last Milestone, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Jake Scott, naweza kusema kwa ufupi zaidi, kwa sababu mtu na tukio lake vinajulikana. Hii ni filamu ya hali halisi, haina mwigizaji, na inajengwa juu ya asubuhi moja ya tarehe 12 Oktoba 2019 jijini Vienna, siku ambayo Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa 2. Alisaidiwa na wakimbiaji 41 wa kuweka kasi waliokuwa wakipokezana, na gari lililokuwa mbele likichora mistari ya mwanga barabarani, kwa hiyo muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi. Kila kilomita ilikuwa ya dakika 2 na sekunde 50, na mkimbiaji yeyote anayejua anakimbia kilomita moja kwa muda gani anaelewa mara moja maana ya kuirudia kasi hiyo mara 42.

Sehemu iliyo bora haiko Vienna, iko Kaptagat. Kambi yake ya mazoezi huko ina vyumba vya kawaida, zamu za usafi zinazomhusu kila mtu, na bingwa wa Olimpiki anayeosha choo zamu yake inapofika. Kocha wake, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992, anatoka katika eneo lile lile la Nandi, na Kipchoge alimwendea akiwa kijana asiye na jina kuomba programu ya mazoezi, akaimaliza, akarudi kuomba nyingine. Uhusiano wa watu hawa wawili, uliodumu zaidi ya miaka 20, ndio ningeupa filamu nzima. Makocha wasiikose kwa sababu hiyo. Vijana nao wataipenda, maana inakwenda haraka na ina muziki mkubwa, ila ina harufu ya tangazo: imejaa watu wanaomsifu, na haikai vya kutosha na maswali ambayo wanariadha wenyewe huyauliza kuhusu viatu, gharama na waliokuwa wakimkinga upepo.

Tena imekata hadithi mahali pa juu kabisa. Baada ya Vienna, Kipchoge alishinda dhahabu ya pili ya Olimpiki mwaka 2021, akaweka rekodi ya dunia ya 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022, kisha tarehe 8 Oktoba 2023 Kelvin Kiptum akaivunja mjini Chicago kwa 2:00:35, na miezi minne baadaye Kiptum akafariki katika ajali ya gari nchini Kenya. Mwaka 2024 mjini Paris, Kipchoge alisimama baada ya kilomita 30, akatembea kandokando ya barabara pamoja na watu, na hakumaliza. Mtazamaji wa leo anaijua sehemu hiyo, filamu haiijui, na pengo hilo linaifanya ionekane changa kuliko umri wake. Bikila naye hakumaliza marathoni yake ya tatu ya Olimpiki. Ukiweza kupata jioni mbili mfululizo, onyesha Kipchoge siku ya kwanza na Atletu siku ya pili, na utakuwa umesimulia maisha ambayo hakuna filamu mojawapo inayoyasimulia yote.

Suala la lugha lisiachwe mpaka dakika ya mwisho. Queen of Katwe na Kipchoge ni za Kiingereza kwa sehemu kubwa, na kile cha kwanza kina lafudhi ya Kampala ambayo vijana wetu wanaifuata bila shida kuliko cha Marekani. Watu wengi wa huku wamezoea filamu za kutafsiriwa, ambapo mtu mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha, na ukimpata mtu mwenye sauti nzuri akakaa na kipaza sauti pembeni, Queen of Katwe inakubali kabisa, na Kipchoge pia. Endurance haimhitaji. Atletu itakufa mikononi mwake, kwa sababu sehemu kubwa ya filamu hiyo iko katika kunyamaza, na msimulizi mzuri ni mtu asiyeweza kunyamaza.

Kwa ukumbi uliochanganyika, wenye watoto, wazazi na wasiopenda michezo, chagua Queen of Katwe bila kusita, hata kama klabu yako ni ya riadha na mtu atalalamika kwamba sataranji si mchezo wa jasho. Kwa kambi ya wakimbiaji wiki moja kabla ya mashindano, chagua Endurance, na uache Kipchoge kwa siku ya mapumziko au kwa semina ya makocha. Kama kuna mmoja katika kikundi chako ambaye ameumia na anahudhuria mazoezi akiwa ameketi kwenye benchi, wasahau wengine na uonyeshe Atletu.

Na ukiionyesha kwa Watanzania, ianze na kitu kingine kwanza. Marathoni ya Mexico ya tarehe 20 Oktoba 1968, ambayo Bikila aliiacha katika kilomita ya 17 kwa sababu ya maumivu ya mguu, ndiyo ile ile ambayo John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla, jua lilikuwa limezama na watu wengi wameondoka, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, huku 18 kati ya 75 walioanza wakiwa wamekwisha kujitoa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Aliyeifanya dunia imwone ni Bud Greenspan, yule yule wa uwanja wa Atlanta. Picha zenyewe ni za dakika chache tu: bandeji mguuni, taa za uwanja, na watu waliobaki wakianza kupiga makofi taratibu. Zima taa, onyesha hizo, kisha anza Atletu bila kusema neno.